Kukoroga Damu Isigande

Kabla sijaandika lolote kuhusu ugonjwa wa mke wangu, niseme kwanza kwamba sina hakika nimeuelewa. Nilisoma mpaka darasa la saba, kisha nikaingia kazini kwenye fakitori ya kahawa huku Runyenjes, na hapo ndipo nilipobaki. Ninayoyajua kuhusu ubongo niliambiwa na daktari mmoja wa Nairobi, kwa muda usiotosha chai kuchemka. Ninayoyajua kuhusu damu nilifundishwa na baba mkwe wangu wa Kiritiri, kule chini kwenye ukame, mtu aliyechinja mbuzi tangu ujana wake. Wote wawili walisema kweli. Ila kweli ya huyu tuliichukua tukaipachika kwenye kweli ya yule, na mke wangu ndiye aliyetembezwa juani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Jicho lake la kushoto lilianza kuona moshi. Alidhani ni moshi wa jikoni, akahamisha meko. Moshi ukabaki pale pale. Baadaye jicho likapona lenyewe, tukashukuru kanisani, halafu miguu ikaanza. Alisema inamjia kama miguu ya mtu mwingine aliyoazimwa bila kuulizwa. Siku nyingine alitembea vizuri, siku nyingine alishika ukuta. Jirani mmoja aliuliza kama amejifunza kunywa. Nisimwonee jirani huyo: hata mimi, nikimwona anavyoyumba kutoka choo mpaka mlangoni, niliwahi kumnusa mdomo akiwa amelala. Alikuwa hajalala.

"Umesikia harufu gani?" akaniuliza, macho yamefungwa.

"Ya viazi."

"Basi nimelewa viazi."

Tulitibiwa malaria, tukatibiwa taifodi, tukaombewa. Mwishowe tukafika Nairobi, wakampiga picha ya kichwa, wakamtoa maji ya uti wa mgongo, wakamtoa damu. Nakumbuka ile damu. Mhudumu alijaza chupa ndogo ndogo. Moja aliigeuza chini juu, chini juu, polepole, akasema ina dawa ya kuzuia isigande. Nyingine aliisimamisha tu mezani. Mke wangu hakuacha kuitazama ile iliyosimama. Tulipoitwa kwa daktari aliniambia kwa sauti ndogo, "Yangu imeshaganda."

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na sina neno baya juu yake. Alisema ugonjwa huu hauonekani sana kwetu, na huenda unakuwepo bila watu kuujua. Alisema mishipa ya fahamu ni kama nyaya za stima, ina ganda lake, na mwili wa mke wangu unalitafuna hilo ganda wenyewe. Nikamuuliza mwili unaanzaje kujitafuna. Akasema wataalamu bado wanabishana. Kuna wanaoangalia zile protini za damu ambazo kazi yake ni kugandisha ukijikata. Akasema zinafanya kama nyuzi, zinasuka wavu, damu inakwama humo. Mahali pake ni ndani ya mshipa. Lakini kwa wagonjwa wa namna hii zimeonekana zimevuja, zimeingia kwenye ubongo, mahali zisipotakiwa, na pengine huko ndiko zinakochokoza. Alisema "pengine" mara nyingi. Mimi hiyo "pengine" niliiacha hapo hapo mlangoni.

Kisha akainua picha ukutani, penye taa, akasema ubongo wake umepungua kidogo kuliko wa mtu wa umri wake.

"Umepungua umeenda wapi?" mke wangu akauliza.

Daktari hakucheka. Alisema haukuenda popote, umesinyaa, na kilichosinyaa hakirudi, lakini kilichobaki ni kingi na kinafanya kazi. Alisema pia jambo kuhusu joto. Mke wangu siku hizi anasema alilisema. Mimi siwezi kuapa, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado nimeshikwa na lile neno kupungua.

Kazi yangu ilikuwa kuanika kahawa. Kahawa ikikauka sawasawa, punje husinyaa ikajitenga na ganda lake. Ukichukua konzi moja ukaitikisa karibu na sikio, utaisikia inalia ndani. Hivyo ndivyo tunavyojua iko tayari. Tangu siku ile ya picha sikuweza kutikisa kahawa nikatulia. Nilitembea kati ya vitanda vya kukaushia bila kugeuza chochote, mpaka msimamizi akasema, "Wewe leo uko kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nyumbani nilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nampima. Nilimuuliza jina la mwalimu wetu wa zamani, nikamuuliza tulipanda mahindi yale ya chini wiki gani.

"Leo ni siku gani?" nikamuuliza asubuhi moja.

"Siku ya mume kuuliza maswali," akasema. "Na jana pia ilikuwa hiyo. Ubongo umepungua, Baba watoto, lakini uliobaki unatosha kukuchoka."

Baba mkwe alipopata habari alipanda kuja kutuona, amevaa koti lake zito, maana watu wa Kiritiri wakifika kwetu kwenye ukungu huona kama wameingizwa kwenye mtungi wa maji. Alikaa karibu na moto akaniambia nimweleze yote. Nikamweleza nilivyoweza. Nilipofika kwenye nyuzi za damu aliinua mkono.

"Hizo nazijua," akasema. "Ukichinja mbuzi, damu ukiiacha imekaa inakuwa ini. Lazima ukoroge. Na asubuhi ya baridi ndiyo inaganda vibaya zaidi."

"Damu ya mbuzi," nikasema.

"Kuna damu ya nini nyingine? Yote ni nyekundu." Akamgeukia binti yake. "Wewe ulizaliwa kwenye jua. Tukakuleta huku kwenye baridi ya chai na kahawa, ukakaa, damu ikakaa. Twende nyumbani. Utapata joto, utatembea kila siku, damu itajikoroga."

Nataka niwe mkweli hapa: hakuna aliyeona kosa. Mama yangu alikubali, akasema atabaki na watoto. Mke wangu alikubali, na alikubali kwa furaha, kwa sababu alikuwa amewakosa wazazi wake. Mimi nilikubali pia, nusu kwa sababu maneno ya mzee yalishikana vizuri kuliko ya daktari, nusu kwa sababu sikuwa na maneno mengine. Nilichoogopa sikukisema. Kwetu mwanamke akirudi kwao akiwa mgonjwa, kila mwezi unaopita njia ya kurudi inaota majani. Watu huanza kusema amerudishwa. Halafu wanazoea. Nilimtazama akifunga kanga zake mbili kwenye mfuko nikawaza kwamba ama miguu yake itafia huko, au itapona huko na isiwe na sababu ya kurudi kwangu. Sikujua ni lipi naliogopa zaidi, na bado sina hakika.

Nilikuwa nikishuka kumwona kila nilipopata ruhusa. Nilifika saa za adhuhuri, jua limekaa juu ya paa kama mtu mwenye nyumba, nikamkuta amelazwa kwenye kivuli cha ghala, macho yake hayanipati vizuri. Kila mara baba mkwe aliniambia, "Umechelewa. Asubuhi ungemwona, anatembea kama askari." Nikadhani ananibembeleza. Nikarudi Runyenjes nikizunguka zunguka, nikaandika kwenye daftari ninaloandikia mambo haya kwamba mzee anadanganya kwa huruma, kisha nikakata sentensi hiyo kwa sababu sikuwa na ushahidi.

Siku moja nilipata nafasi kwenye lori la mchanga lililokuwa linarudi tupu, nikafika kabla jua halijatoka. Hewa ilikuwa baridi, mbuzi bado wamejikunyata zizini. Nikamwona mwanamke anapanda kutoka mto mkavu, wanakochimba maji mchangani, ana mtungi mdogo wa maji mkononi, anatembea moja kwa moja bila kushika kitu. Nilimtazama mpaka akafika karibu ndipo nikajua ni wangu.

"Umeamka na jogoo au wewe ndiye jogoo?" akasema.

Nilimpokea mtungi.

Tuliingia, tukanywa uji wa mtama. Baba mkwe alifurahi kuliko mimi, akachagua mbuzi wa kunichinjia. Lakini kwanza, akasema, binti yake aende safari yake ya kila siku: mpaka kwenye shamba la jirani la muguka, yale majani ya kutafuna, na kurudi, juani, damu ijikoroge. Jua lilikuwa limeshapanda. Akaenda na mama yake. Mimi nikabaki nafunga mbuzi, najifanya nafunga, natazama njia.

Walirudi wamekuwa mtu mmoja mwenye miguu minne. Mama mkwe alikuwa amembeba nusu. Mguu wa kushoto wa mke wangu ulichora mstari kwenye vumbi. Aliwekwa kivulini, akapewa maji kwenye kikombe, kikombe kikamponyoka. Kilikuwa cha bati, kikaviringika mpaka miguuni pangu.

Sasa, asiyejua mila yetu ya ukwe anaweza kuona kinachofuata ni mchezo. Mimi na mama mkwe hatuongei ana kwa ana. Sikai alipokaa, yeye hapiti nilipo, na tukikutana njiani mmoja wetu huingia majanini. Ni heshima, na kwa miaka yote niliishi nayo bila shida. Lakini aliponiona nimeshika kile kikombe alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo siwezi kumwona, akaanza kuongea na kuku.

"Wewe kuku," akasema, "kaa kivulini. Jua hili halimfai kila mtu. Hapa kuna mtu alfajiri ananishinda mwendo, mimi mwenyewe naachwa nyuma. Jua likifika hapa kwenye mti, hawezi kushika kikombe. Jioni likizama, anainuka tena. Kila siku. Kila siku, kuku. Lakini nani ataniuliza? Mimi ni wa kupika."

Kuku aliendelea kuparua.

"Na mwenye nyumba hii ametangaza sokoni kwamba mtoto amepona," akaendelea. "Nikisema mimi, nitakuwa nimemvua nguo. Kuna mwingine angeweza kusema. Sijui kama ana masikio."

Nilikipangusa kikombe vumbi. Ndipo nilipojiuliza, na nataka niandike swali lenyewe lilivyokuwa: je, naona anachokiona mama mkwe, au nataka tu mke wangu arudi nyumbani anipikie? Nilijichunguza kwa haki. Nilikuta yote mawili yamo. Nikaamua kwamba nia yangu ikiwa na doa, mguu ule bado ulikuwa umechora mstari kwenye vumbi, na mstari niliuona kwa macho yangu.

Mbuzi akachinjwa. Nilishika miguu, baba mkwe akakinga damu kwenye sufuria, akachukua kijiti chenye panda, akaanza kukoroga. Alikoroga kwa mkono uliolegea, haraka, bila kutazama, jinsi mama anavyotikisa mtoto huku anaongea na wageni. Baada ya muda mfupi kijiti kikaanza kunenepa. Nyuzi zikajikunja juu yake, nyeupe zenye wekundu, kama uzi wa sufi uliolowa. Damu iliyobaki ilikuwa laini, tayari kujazwa kwenye utumbo wa mutura. Nilikuwa nimeliona jambo hili tangu utoto na sikuwahi kuliona. Hizo, nikawaza, ndizo alizotaja daktari. Kitu kama hicho kimo kichwani mwa mke wangu.

"Baba," nikasema, "hizo nyuzi zinatoka wapi?"

"Kwenye damu."

"Zilikuwamo kabla hujakoroga?"

"Zilikuwamo, ila huzioni. Ukiacha damu ikae zinashika yote. Ukikoroga zinakuja zenyewe kwa mti."

"Na kwa mtu," nikauliza, "mti uko wapi?"

Mkono wake ukasimama. Naapa sikuwa nimemtegea. Nilikuwa nauliza kwa sababu sikujua. Lakini swali lilipotoka nilisikia uzito wake, nikatamani kulirudisha.

"Mkwe," akasema, "umekula mbuzi zangu mpaka zimekupanda kichwani."

"Sikubishii. Nauliza tu. Tukimtembeza, hizo nyuzi zinakwenda kushika wapi?"

"Muulizeni mwenye damu," mke wangu akasema kutoka kivulini.

Tukageuka wote. Alikuwa ameegemea ghala, jicho moja amelifunga.

"Jua likipanda, ule moshi unarudi machoni," akasema. "Miguu inalala. Alfajiri ninakuwa mimi. Baba, mimi napona kila asubuhi na unaniumiza kila mchana."

Mzee aliuliza polepole, "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha."

Mbwa alikuja akakaa karibu, macho kwenye kijiti. Baba mkwe alizitazama zile nyuzi kana kwamba mtu amezibadilisha akiwa amegeuka, akamtupia mbwa.

"Basi nimekuwa nikimchoma mtoto wangu," akasema.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni. "Kuku, mwambie huyo mtu hakujua. Mwambie hata sisi hatukujua mpaka tulipotazama."

Tulikula ile nyama, na haikuwa tamu wala chungu. Mzee alisema maneno machache tu: kwamba binti yake ataondoka kesho kabla ya jua, na kwamba atamsindikiza mwenyewe mpaka barabarani ili watu waone kwamba haondoki kwa ugomvi. Akatimiza. Alfajiri alitangulia na mfuko wa unga wa mtama begani, mke wangu katikati, mimi nyuma nikitazama visigino vyake vinavyoinuka na kushuka. Mama mkwe alituaga kutoka nyuma ya ua. Safari hii hakumtumia kuku. Alisema tu, "Nenda, mama," na sikujua kama ananiaga na mimi.

Nisiseme kwamba baridi ya Runyenjes ilimponya. Haikumponya. Lakini kwenye mfereji wa maji ya kuoshea kahawa kuna mahali maji ya mto yanaingia yakiwa baridi ya kuuma, na mchana wa jua alikuwa akienda kukaa hapo, miguu ndani, mpaka aone vizuri. Wafanyakazi wenzangu walimtania kwamba ameota magamba. Alikuwa akiwarushia maji.

Tuliporudi kwa daktari nilimuuliza lile lililokuwa linaninyima utulivu tangu Kiritiri: je, ile miezi ya jua ndiyo iliyousinyaza ubongo zaidi? Nilimuuliza mara ya pili ili nisije nikaacha tena kitu mlangoni. Akasema hapana. Joto linaufunua ugonjwa, haliuzalishi. Linapopita, mtu hurudi pale alipokuwa. Kilichopungua kingepungua hata angekaa kwenye barafu, na kuhusu zile protini, bado wanabishana.

Maneno hayo hayakuwa yangu kukaa nayo. Nilishuka Kiritiri peke yangu. Baba mkwe alikuwa amekonda. Aliniambia haendi tena sokoni sana, magoti. Tulikaa, nikamweleza neno kwa neno kama nilivyopewa, pamoja na kila "pengine". Nyuma ya ukuta wa jikoni, sufuria zilikuwa zimenyamaza.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Na kilichopungua kimerudi?"

"Hakirudi."

Akaitikia kwa kichwa. "Anatembea?"

"Asubuhi. Na siku za mvua."

Akatazama juu, mbingu nyeupe ya kwao isiyo na wingu hata la kukopa. "Huku hakuna mvua," akasema. "Itabidi mimi ndiye niwe napanda."

Alikuja mwezi wa saba, wakati wa ukungu, na koti lake. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Mke wangu alikaa nje barazani bila sweta, akichambua maharagwe, mikono yake inamtii. Mzee akaketi kando yake, mabega yamefika masikioni, meno yanagongana, akikataa kuingia ndani penye moto. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na swali la kumpima mke wangu, la jina la mtu fulani wa zamani, na nililishika mdomoni.

Alimtazama baba yake toka juu mpaka chini.

"Baba," akasema, "inuka utembee kidogo. Umeganda."

Mzee akainuka, akaanza kuzunguka uani kwenye mvua, akicheka peke yake, na mimi nikajikuta nami natembea, kutoka mlangoni mpaka kwenye mgomba na kurudi, bila kujua ninakwenda wapi.